Dirisha la Pili

Dawa ya deni ni kulipa, nami nilikwenda kulipa:
maili sitini na nane palipoandikwa hamsini na tano,
kosa langu mwenyewe, la Jumanne, la kijinga,
nikiwa nimechelewa kwa daktari wa meno.

Mahakama ya kaunti iko nyuma ya ghala la mahindi.
Dirisha la kwanza ni la leseni, za ndoa na za mbwa.
La pili ni letu sisi wenye mguu mzito.
Mbele yangu kijana wa kofia alihesabu noti za dola mojamoja,
akakosea, akaanza upya. Hakuna aliyemharakisha.
Sijaona pengine watu wakingoja kwa upole namna ile,
sote tuliokamatwa kwa haraka.

Karani, Twyla Svoboda kwa mujibu wa beji yake,
akapiga muhuri, akanirudishia senti arobaini,
akauliza, Kuna jingine?

Lilikuwapo.
Karatasi ya manjano, imekunjwa mara nne,
niliyoikuta chini ya ramani na bisibisi
ndani ya droo ya gari la baba, siku tulipoliuza.
Tarehe tisa Novemba, mwaka tisini na moja.
Maili themanini na tatu kwa saa.

Inabidi mumfahamu baba.
Emil Hruska, aliyepitwa na matrekta,
aliyesimama kwenye reli akatazama kushoto na kulia
miaka sita baada ya reli yenyewe kung'olewa.
Aliyenifundisha usukani akisema gari ni ng'ombe,
ukilikimbiza litakunyima maziwa.
Themanini na tatu!
Na gari lenyewe ni lile lile
lililotetemeka kama lina homa likigusa hamsini.

Kabla ya tisini na nane hayamo kwenye kompyuta, alisema Twyla,
ila huko chini hayaozi.
Akachukua funguo, akashuka.

Nilikaa kwenye benchi. Nikasoma bango la mikanda ya usalama
hata nikalihifadhi kwa moyo.
Niliwaza: faini haikulipwa, imezaa hadi vitukuu,
na kitabu cha hundi ninacho.
Nadhani nilitaka
pawe na kitu kimoja bado naweza kumlipia.

Akarudi na vumbi kwenye nyusi,
na jalada jembamba kuliko menyu ya mkahawa.

Kosa: mwendo.
Uelekeo: mashariki.
Wakati: saa tisa na dakika nane, usiku.
Abiria: mmoja.
Sababu: dereva amekataa kueleza.
Adabu ya dereva: nzuri sana.

Kisha stakabadhi tano, dola kumi na mbili kila mwezi,
na juu ya kila moja mwandiko ule ule
ulioandika jina langu kwenye kola ya koti la shule.
Bernadine Hruska.

Mama.
Aliyesema baba hajapata faini hata moja maishani;
alisema mezani, alisema kanisani,
alisema kaburini pake udongo ukiwa bado mbichi,
akinitazama machoni.

Naye sasa hayupo wa kuulizwa.
Na mashariki ya pale, usiku ule au mwingine wowote,
kuna maghala mawili ya nafaka, daraja,
halafu jimbo la watu wengine.

Nadaiwa kiasi gani?
Hudaiwi kitu, alisema Twyla. Imefungwa tangu Aprili tisini na mbili.
Ila nakala ni senti ishirini na tano kwa ukurasa.
Kurasa sita. Nikalipa dola moja na nusu,
nikapewa stakabadhi kwa jina langu.

Nilirudi kwa maili hamsini na nne,
malori yakinipigia honi nyuma.
Penye nguzo ya mia moja na kumi na mbili,
ile aliyoiandika askari,
niliegesha pembeni, taa zikipepesa.
Mabua makavu. Upepo.
Nikazima injini, nikahamia kiti cha abiria,
nikakaa.